Sanamu ya mchukuzi nusura iniharibie mikono

IWAPO wewe ni miongoni mwa wale ambao jioni huketi mezani na kufinyanga vijisanamu vya wanajeshi wa kale, hebu tazama ncha za vidole vyako kabla ya kuendelea kusoma. Je, zinawasha? Zina vipele au zimepasuka? Kama ndivyo, usikimbilie dawa ya choa. Mimi, daktari mzima, nilifanya hivyo na nikajuta.

Uraibu huu nauunga mkono kwa dhati. Mtu anayeshinda kutwa akisikiliza maumivu ya wenzake anahitaji kazi ya kumtuliza, na kwangu hakuna inayoshinda hii. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, pana sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika vita vya 1914 hadi 1918. Mmoja wa watatu hao ni mchukuzi, mtu wa kile kikosi kilichoiachia Nairobi jina la Kariokor na Dar es Salaam jina la Kariakoo. Dukani nilipata askari wa Napoleon, lakini mchukuzi sikumpata. Nikaamua kumfinyanga mwenyewe, kimo cha milimita 54.

Kazi huanza kwa mchoro wa kimo hicho hicho. Kichwa cha mtu mzima huingia takriban mara saba na nusu katika urefu wake, na katikati ya mwili ni kinenani, wala si kiunoni. Wengi hukosea hapo na kumpa mtu miguu mifupi. Kisha waya mwembamba hukunjwa uwe mifupa, nao upinde palipo na goti na kiwiko tu. Mbebaji mzigo kichwani hunyoosha shingo, na uzito wote hushukia kwenye unyayo uliokanyaga.

Juu ya waya hupakwa udongo wa ipoksi. Huu huja kwa sehemu mbili, ambazo hukandwa pamoja mpaka rangi iwe moja, kisha hugumu wenyewe baada ya saa chache. Kwanza huwekwa nyama, halafu nguo, mwisho mzigo, na kila tabaka huachwa likauke kabla ya jingine.

Kosa langu lilikuwa kukanda na kulainisha kwa vidole vitupu. Miezi kadhaa ikapita salama. Halafu vidole vikaanza kuwasha, vikafura na kutoa maji, na kope nazo zikavimba. Dawa ya choa haikusaidia kitu. Kila nilipooga mikono baada ya kumpima mgonjwa, niliungua kama niliyeshika pilipili. Nikajiuliza kama nitaendelea na kazi yangu.

Huo ulikuwa mzio wa ngozi. Ipoksi ambayo haijagumu huufundisha mwili kuichukia, polepole na bila dalili. Mwili ukishajifunza, hausahau. Tangu hapo hata chembe ndogo huweza kuleta vipele, mara nyingi baada ya siku moja hadi tatu, na ndiyo sababu mtu haoni uhusiano. Daktari anaweza kuutuliza uvimbe, lakini hana dawa ya kuufuta mzio wenyewe. Wala usijinunulie mafuta yenye steroidi kiholela, kwani yakitumiwa vibaya huidhoofisha ngozi.

Wenzangu hunicheka. Husema wamekanda miaka mingi bila glavu na hawajadhurika. Nami nawajibu kwamba mzio hautoi notisi. Humpata mmoja katika mwaka wa kwanza na mwingine katika mwaka wa kumi. Wengine hudai kwamba glavu huondoa hisia za vidole. Sawa, lakini mikunjo ya nguo ya mtu wa milimita 54 haichongwi kwa kidole! Ni kazi ya sindano na kijiti kilicholowanishwa maji.

Basi fanya hivi. Vaa glavu za nitrili, si zile za mpira wa kawaida ambazo ipoksi hupenya, na uzibadilishe mara kwa mara. Usijiguse uso. Ikikupata ngozini, tumia maji na sabuni, usitumie petroli wala thina. Unaposugua kwa msasa, lowanisha sanamu na uvae barakoa ili usivute vumbi. Na kama umeshapata mzio, iache ipoksi kabisa. Mchukuzi wangu wa pili nimemfinyanga kwa nta, naye amependeza.

Ninapomtazama pale rafuni, nakumbuka kilichowaua wenzake. Makumi ya maelfu ya wachukuzi walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, kwa kulishwa posho isiyoiva na kulala kwenye baridi. Waliowaongoza waliyaona hayo kuwa mambo madogo.

Wao hawakupewa nafasi ya kuchagua. Wewe unayo, msomaji wangu, na bei yake ni jozi ya glavu. Wafinyange mashujaa hawa, watoto wetu wawajue. Lakini ilinde mikono inayowafinyanga.