Gari linapolala chini asubuhi: kompresa ya springi za upepo, fundi wa nyumbani na kufuli la kompyuta

Magari yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa siku hizi si yale ya miaka 20 iliyopita. Zamani gari la mkononi lilikuwa chuma, raba na nyaya chache, na fundi wa chini ya mwembe alilimudu kwa spana na masikio yake. Leo gari lililotembea Uingereza au Japani kwa miaka kadhaa linafika likiwa na kompyuta ndogo ndani yake, na moja ya kompyuta hizo inaweza kuwa inasimamia kimo cha gari.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haijafunga mlango, ila hutoza kodi ya ziada kwa magari yaliyozeeka. Sheria hizo zinatazama umri. Hazitazami swali ambalo mwenye gari kijijini hukutana nalo baadaye: likiharibika, nani anaruhusiwa kulitengeneza?

Katika makala haya tunachukua kifaa kimoja tu, kompresa ya springi za upepo. Tunaeleza inavyofanya kazi, kinachoiua, namna inavyobadilishwa nyumbani, na kwa nini kazi ya bolti chache imekuwa mjadala wa sheria katika nchi nyingi.

Springi za upepo ni nini?

Ukisimama stendi ya mabasi utasikia basi kubwa likitoa sauti ya "pshhh" huku likishuka kidogo. Ule ni upepo unaotoka. Mabasi na malori mengi hayabebwi na springi za chuma pekee, bali na mifuko ya raba iliyojazwa upepo. Kwenye basi, kompresa huzungushwa na injini, na upepo huohuo hutumika kwenye breki.

Kuna magari madogo yenye mpango unaofanana na huo. Land Rover Discovery 3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, na Discovery 4 iliyoifuata, yanajulikana sana kwa hilo. Utaukuta pia kwenye Range Rover, kwenye baadhi ya Mercedes-Benz na Audi, na kwenye aina fulani za Toyota Land Cruiser Prado ambazo zina upepo nyuma tu. Mifuko hii usiichanganye na ile inayofumuka kwenye usukani wakati wa ajali. Hii iko chini, karibu na magurudumu, na kazi yake ni kubeba uzito wa gari.

Tofauti na basi, kompresa ya gari dogo ni pampu ndogo ya umeme wa betri. Inavuta upepo kupitia filta, inaupitisha kwenye chembe kavu zinazonyonya unyevu, kisha inausukuma kwenye tanki dogo na kwenye kisanduku cha vali. Sensa zinapima kimo cha gari kwenye magurudumu. Kompyuta ndiyo inayoamua mfuko upi ujazwe na upi upunguzwe.

Kwa nini kompresa hufa?

Kompresa ya namna hii imetengenezwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupumzika. Haikutengenezwa kukesha ikipuliza. Tatizo huanzia pengine kabisa: raba ya mfuko inazeeka, inakakamaa na kupata nyufa, au kiungo cha bomba kinaanza kuvuja. Usiku upepo unatoka kidogo kidogo, na asubuhi gari limelala upande mmoja. Mwenye gari anawasha, kompresa inapuliza, gari linasimama, naye anaenda zake akidhani mambo ni sawa.

Sivyo. Kila siku kompresa inafanya kazi ya siku kadhaa. Inapata joto, ringi ya pistoni inalika, nguvu inapungua, na kwa sababu nguvu imepungua inalazimika kupuliza muda mrefu zaidi. Ongeza vumbi la barabara zetu linaloziba filta, na unyevu wa masika unaolowesha zile chembe kavu. Mwisho kompyuta inaona joto limepita kiasi na kuizima, au pampu inaungua kabisa.

Ndiyo maana tunasema kompresa iliyokufa mara nyingi ni shahidi, si mhalifu. Ukifunga mpya bila kutafuta panapovuja, umeinunulia kifo kilekile. Wahenga walishasema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kutafuta ufa hakuhitaji mashine. Fundi baiskeli huzamisha mpira kwenye beseni la maji aone mapovu, na hapa mbinu ni hiyohiyo. Changanya sabuni na maji, pakaza kwa brashi kwenye mifuko, viungo vya mabomba na kisanduku cha vali wakati gari liko juu. Fanya hivyo ukiwa umesimama pembeni. Usiingie chini.

Dalili nazo zinasema mengi. Gari likilala usiku na kuamka haraka ukiwasha, shuku kuvuja. Likinguruma muda mrefu na kupanda kwa shida, shuku pampu iliyochoka au filta iliyoziba. Lisiponguruma kabisa, anza na fyuzi, rilei na nyaya kabla ya kuilaumu pampu. Rilei ni swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye kompresa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu. Ikiganda kwenye kuwasha, pampu inapuliza mpaka inaungua. Kwa hiyo mafundi wazoefu hubadilisha rilei kila wanapobadilisha kompresa.

Je, kazi hii inawezekana nyumbani?

Kwa upande wa spana, ndiyo. Kwenye Discovery 3 na 4, kwa mfano, kompresa iko chini ya bodi upande wa kushoto, mbele ya gurudumu la nyuma, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Fundi anaondoa kifuniko, anachomoa soketi za umeme, anafungua bomba la upepo na bolti zinazoishikilia, kisha anafunga mpya kwa kurudi nyuma hatua zilezile. Raba zinazozuia mtikisiko zirudishwe zikiwa nzima. Mdomo wa bomba ukatwe vizuri na usiwe na mchanga, maana chembe moja ya mchanga inaweza kuanzisha uvujaji mpya.

Hatari kubwa ni uzito wa gari. Gari linalobebwa na upepo linaweza kushuka ghafla bomba likifunguliwa, na kompyuta inaweza kulishusha au kulipandisha bila kukuuliza. Upepo ulio ndani ya mfumo ni zaidi ya bar 10, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 hadi 3 tu. Hivyo kabla mtu hajaingiza hata mkono chini, gari liwe kwenye ardhi ngumu na tambarare, magurudumu yawekewe kabari, na bodi ikae juu ya stendi za chuma zenye uwezo wa kuibeba. Jeki pekee haitoshi. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Bomba lifunguliwe polepole, uso ukiwa mbali na macho yamekingwa. Kama huna stendi wala sehemu tambarare, kazi hii usiifanye nyumbani. Peleka gereji.

Bolti zimefunguka, kompyuta imekataa

Hapa ndipo hadithi inapobadilika. Tuseme fundi wako wa kijijini amefanya kila kitu sawasawa. Pampu ni mpya, hakuna panapovuja, rilei ni mpya. Unawasha gari, taa ya onyo inabaki inawaka na gari linakataa kupanda. Kompyuta bado inakumbuka kosa la zamani na inasubiri mtu alifute.

Wakati mwingine kufuta hakutoshi. Discovery za mwanzo zilitoka kiwandani na kompresa ya Hitachi, na baadaye kampuni ikahamia kompresa ya AMK. Ukifunga AMK kwenye gari lililozaliwa na Hitachi, programu ya gari nayo inapaswa kubadilishwa iitambue pampu mpya. Pampu inauzwa dukani kwa yeyote mwenye fedha. Programu haiuzwi kaunta.

Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyochomekwa chini ya usukani na kuonyesha makosa kwenye simu mara nyingi husoma makosa ya injini tu. Springi za upepo huwa havizioni. Inahitajika mashine ya kupimia iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya gari, nayo hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Matokeo yake, gari lililotengenezwa vizuri kijijini linapakiwa kwenye lori kwenda mjini ili mtu abonyeze vitufe kwa dakika chache. Gharama ya safari hiyo inaweza kuzidi ujira wa fundi aliyelala chini ya gari siku nzima.

Wengine wamefanya nini?

Mvutano huu si wa Afrika Mashariki peke yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2007 inayowataka watengenezaji wa magari kuwapa mafundi wa kujitegemea taarifa za matengenezo kama wanavyowapa mawakala wao. Wanaweza kutoza ada, lakini hawawezi kuzificha. Nchini Marekani, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliidhinisha haki kama hiyo mwaka 2012, na mwaka 2020 wakaipanua kwa sababu taarifa za gari sasa zinasafiri hewani bila waya. Watengenezaji walikwenda mahakamani kuipinga.

Wakulima nao wamo. Mwezi Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya matrekta ya Deere, ikidai inawafunga wakulima kwa mawakala wake tu kwa kuzuia programu za matengenezo. Kampuni imeyakana madai hayo.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni Afrika Kusini. Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilitoa miongozo iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Inamruhusu mwenye gari kulipeleka kwa fundi wa kujitegemea bila kupoteza dhamana ya gari lake, na inazitaka kampuni kuwapatia mafundi hao taarifa za kiufundi.

Watengenezaji wana hoja zao, na si zote za kupuuza. Wanasema kufungua programu kwa kila mtu kunaweza kuwapa wezi wa magari ufunguo, na kwamba mtu asiye na ujuzi akichezea mfumo wa breki anaweza kuua. Kwa breki na funguo, hoja hiyo ina uzito. Kwa pampu ya upepo tunaiona nyepesi. Fundi anayefuta kosa la kompresa aliyoifunga mwenyewe haombi siri ya kuiba gari.

Miongozo peke yake nayo haitoshi. Mashine ya kupimia ni ghali kwa gereji moja ya kijijini, na vitabu vya matengenezo vimeandikwa kwa Kiingereza, Kijapani au Kijerumani. Lakini mafundi wa wilaya moja wakijiunga kama wanavyojiunga wakulima wa maziwa kununua tanki la kupozea, mashine moja inaweza kuwahudumia wote. Vyuo vya ufundi kama VETA vinaweza kufundisha kusoma kompyuta ya gari kwa Kiswahili. Tume za ushindani za Tanzania na Kenya nazo zina mfano wa Afrika Kusini wa kuusoma.

Vipi kurudi kwenye springi za chuma?

Wapo wanaong'oa mfumo wote na kufunga springi za kawaida. Si wazo jipya. Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka 1957 ilitoka na springi za upepo, na wenye magari hayo wengi waliishia kufunga za chuma baada ya kuchoshwa na uvujaji. Kwa barabara za vumbi na mawe, mbali na mashine ya kupimia, uamuzi huo una mantiki. Ila gari halitapanda wala kushuka tena, kompyuta inapaswa kuzimwa kwa utaratibu ili isiendelee kulalamika, na springi lazima ziwe za uzito wa gari hilo, si za kubahatisha.

Kabla hujatoa fedha

Ukiwa unanunua gari la namna hii, peke yako au kama kikundi, omba kulitazama asubuhi kabla halijawashwa. Kama limelala, bei ishuke au uondoke. Liwashe, uhesabu muda linaotumia kupanda. Bonyeza vitufe vya kupandisha na kushusha. Kisha muulize fundi wako swali moja: mashine ya kupimia gari hili iko wapi, na ni kilometa ngapi kutoka hapa?

Jibu la swali hilo ni sehemu ya bei ya gari, hata kama muuzaji hakuliandika. Na mpaka taarifa za matengenezo zitakapomfikia fundi wa kijijini kama zinavyomfikia wa mjini, mwenye gari wa kijijini ndiye atakayeendelea kuilipa.