Steringi Hafi

Kwenye basi la kwenda Kigoma, tulipoipita Morogoro, kondakta aliweka filamu ya pili. Ilikuwa ya kutafsiriwa, zile ambazo sauti ya mwanamume mmoja inazungumza kwa niaba ya waigizaji wote, wake kwa waume. Steringi alikuwa mzee wa Kizungu mwenye mvi na goti bovu, kamanda mstaafu wa askari wa kukodiwa. Kuna mtu alimdhulumu zamani na tangu hapo hajalala vizuri. Sasa anaitwa kwa kazi moja ya mwisho katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, na adui yake yuko hukohuko. Mtafsiri akasema, "Mzee ana hasira na dunia nzima," abiria wakacheka. Risasi zilipoanza nikageuza uso dirishani. Kijana aliyekaa kiti cha pembeni akadhani naogopa, akanituliza: "Dada, usijali. Steringi hafi."

Sikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Begi langu lilikuwa na rasimu ya tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu askari wa kukodiwa waliopigana upande wa pili wa Ziwa Tanganyika mwaka 1964 na 1965. Nilikuwa nakwenda kumwona bibi yangu, aliyezaliwa upande huo, Baraka, na kuvuka ziwa kwa mtumbwi akiwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili. Kwa hiyo nilichoshindwa kumwambia kijana yule nakiandika hapa.

Hadithi ya mamluki mzee mwenye kisasi ni uongo, tena uongo wenye faida. Inamchukua mtu aliyekuwa na mkataba na kumpa heshima ya mtu aliyekuwa na jeraha.

Mchukue Mike Hoare. Alizaliwa Calcutta mwaka 1919 kwa wazazi wa Ireland, akapigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Uingereza, kisha akahamia Durban akiwa mhasibu. Mwaka 1964 Moïse Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, alimwajiri kuongoza 5 Commando, kikosi cha Wazungu waliokusanywa Afrika Kusini, Rhodesia na Ulaya, ili kuwapiga waasi wa Simba. Watu wake walisaini mikataba ya miezi sita. Mwenyewe alisema hadi uzeeni kwamba adui wa maisha yake ni ukomunisti, na wanaompenda wamelichukua neno hilo kama ufunguo wa roho yake: mtu wa imani, mtu asiyesahau.

Lakini kisasi kina kanuni zake, hata huku kwetu. Lazima damu iwe imemwagika, na lazima iwe damu ya mtu wako. Ukomunisti ulimfanyia nini mhasibu wa Durban? Haukumchomea nyumba wala haukumuulia ndugu. Ulikuwa jina tu, na jina pana kiasi hicho unaweza kumvika yeyote unayemkuta njiani, awe mvuvi, mwalimu wa shule ya misheni au kijana mwenye mkuki. Ukishamvika, kumuua si kazi ya mshahara tena. Imekuwa wito.

Najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia darasani: na mateka wa Stanleyville je? Sitalikwepa. Simba walishika mateka Wazungu zaidi ya elfu moja katika mji ule, ambao leo ni Kisangani, na wengi waliuawa. Waliwaua pia Wakongo wenzao kwa maelfu, hasa makarani, walimu na watumishi wa serikali. Anayewasafisha Simba leo hajawauliza wazee wa Kisangani. Ila itazame kalenda. Hoare aliajiriwa kabla mateka hawajawa habari ya dunia. Askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliushukia mji tarehe 24 Novemba 1964. Vita vya Hoare viliendelea mwaka mzima baada ya hapo, mamia ya kilomita kutoka Stanleyville, kwenye mwambao wa ziwa ambako bibi yangu alikuwa anachota maji. Kama ilikuwa safari ya kuokoa mateka, Baraka walikuwa wakimwokoa nani?

Walitua Baraka kwa boti mwezi Septemba 1965. Bibi hajui majina ya vikosi. Anachojua ni kwamba mlio ulianzia majini badala ya barabarani, na kwa hiyo waliokuwa wamejiandaa kukimbilia ziwani walikuwa wanakimbilia kifo. Familia yake ilijificha milimani kwa siku asizoweza kuzihesabu, ikashuka usiku, ikavuka. Kaka yake mwenye miaka 19 alirudi kuchukua mbuzi. Hadithi yake inaishia hapo. Bibi hajawahi kuiongeza neno.

Sasa tuirudie sinema. Mwaka 1978 ilitoka filamu iitwayo The Wild Geese, na mshauri wake wa kiufundi alikuwa Hoare mwenyewe. Richard Burton aliigiza kamanda mzee na mlevi anayekwenda Afrika na kundi lake kumwokoa kiongozi aliyepinduliwa. Tajiri wa London aliyewatuma anawasaliti, wengi wanakufa, na kamanda anarudi Uingereza kumlipiza. Uone ujanja uliomo. Aliyedhulumiwa ni mamluki! Askari Waafrika wanaangushwa kwa mafungu, hakuna anayeuliza walikuwa watoto wa nani, na machozi yamewekwa akiba kwa Wazungu wachache waliobaki nyuma uwanjani. Nadhani ndiyo maana kisasi kinapendwa na waandishi wa filamu hizi. Bila kisasi, kamanda ni mtu aliyelipwa kuua watu asiowajua. Ukimpa kisasi, mtazamaji anamwombea afike salama.

Miaka mitatu baadaye mshauri huyo wa filamu, akiwa na umri wa miaka 62, alitua Mahé, Shelisheli, na wanaume zaidi ya arobaini. Ilikuwa tarehe 25 Novemba 1981. Walijifanya chama cha wanywaji bia wanaowapelekea watoto zawadi; mabegi yao yalikuwa na vitu vya kuchezea juu na bunduki chini. Afisa wa forodha akaiona bunduki moja. Mapigano yakazuka uwanjani, na wengi wao wakatoroka kwa kuteka ndege ya Air India iliyokuwa imetua, wakaiamuru iende Durban. Wanaosimulia kisa hiki hukisimulia kwa kicheko, kama mbwembwe za wazee. Lakini lengo lilikuwa kuipindua serikali ya France-Albert René, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini baadaye iliona kwamba dola ya makaburu ilikuwa na mkono wake humo. Kile kinyongo cha mzee mmoja dhidi ya ukomunisti kumbe kilikuwa na mfadhili.

Mahakama ya Afrika Kusini ilimhukumu miaka 10, akatoka mwaka 1985. Kosa lake lilikuwa kuteka ndege. Kwa maisha yake yote, jela aliingia kwa ajili ya ndege.

Ajabu ni kwamba wanasheria walikwisha kuelewa jambo hili kuliko watunzi wa filamu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa kutokomeza umamluki, uliopitishwa Libreville mwaka 1977, unamtambua mamluki, pamoja na mambo mengine, kwa nia yake ya kutafuta faida binafsi. Haumuulizi anamchukia nani. Unatazama nani anamlipa.

Nisije nikaonekana nawasema Wazungu wa Durban peke yao. Mwaka huohuo wa 1965, upande wa waasi alikuwepo Che Guevara, aliyepitia Dar es Salaam na Kigoma, na aliyepewa jina la Kiswahili, Tatu. Picha yake imebandikwa kwenye vyumba vya hosteli yetu, na sikatai kwamba yeye hakuja kwa mshahara. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini soma alichoandika yeye, kisha soma alichoandika Hoare. Katika vitabu vyote viwili watu wa mwambao ni mandhari: wapiganaji wavivu, waamini wa dawa, wanaomwangusha mgeni shujaa. Wageni wawili walikuja kugombana kwenye uwanja wa nyumba yetu, kila mmoja akaondoka na kitabu. Sisi wasomi vijana tumebaki kubishana nani kati yao alikuwa steringi.

Na si mambo ya kale. Januari 2025, mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23, karibu Waromania mia tatu waliokodiwa kupigana upande wa serikali ya Kongo walisalimu amri, wakavushwa Rwanda, wakapanda ndege kwenda kwao. Wakazi wa Goma hawakuwa na ndege. Nina hakika kuna mtu tayari anaandika filamu, na kwamba mmoja wa wale wanaume atakuwa na mvi, goti bovu na jambo la zamani linalomkosesha usingizi.

Hoare alifariki Durban mwezi Februari 2020. Alikuwa na umri wa miaka 100. Kijana wa kwenye basi alisema kweli kuliko alivyojua.

Kigoma nilimwonyesha bibi picha ya Hoare akiwa mzee. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

"Huyu alikula vizuri," akasema. Kisha akauliza, "Walimfunga?"

"Walimfunga, bibi. Kwa sababu ya ndege."

"Ndege ya wapi?"

Nikamweleza. Akanirudishia simu, akaendelea kuchambua dagaa. Baada ya muda akasema, kana kwamba anazungumza na sinia, kwamba kaka yake sasa angekuwa na miaka karibu themanini, na kwamba hawezi kumwona akiwa na mvi hata akijaribu. Kila akimkumbuka anamwona kijana, mdogo kuliko mimi.

Wanaotaka kutuandikia mzee asiyeweza kusahau waje wamwandike huyu.