Kiasi Gani?

Tarehe 29 Juni 2023 shirika la habari la Reuters lilitangaza kwamba aspatame, ule utamu wa kiwandani utiwao katika soda zisizo na sukari, ungetajwa kuwa huenda ukaleta saratani. Ripoti yenyewe haikutoka ila tarehe 14 Julai. Majuma mawili, basi, watu walibishana juu ya karatasi wasiyoisoma, na magazeti mengi yakaandika kana kwamba hukumu imekwisha kukatwa.

Siku ilipowadia zilitoka kauli mbili, wala si moja. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, wenye makao yake Lyon, Ufaransa, uliiweka aspatame katika kundi la 2B, kwa kuwa ushahidi uliopo juu ya saratani ya ini ni haba. Lakini kamati ya wataalamu wa vyakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani haikuona sababu ya kubadili kipimo kilichowekwa mwaka 1981: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku.

Hapo ndipo twapenda wasomaji wetu wapatazame. Wakala wa Lyon huuliza kama kitu chaweza kudhuru. Hauulizi ni kwa kiasi gani. Kiasi hupimwa na kamati. Mtu mwenye kilo 70, ikiwa kopo moja la soda lina miligramu 200 au 300, hana budi kunywa makopo zaidi ya 9 hadi 14 kwa siku ndipo akivuke kipimo, kama hapati aspatame kwingine. Mhariri aliyeandika “saratani” kwa herufi kubwa akaiacha hesabu hii aliuza gazeti, hakufundisha. Nasi tulio katika kazi hii twajua jinsi herufi kubwa zinavyoshawishi.

Hatusemi haya kuwatetea wenye viwanda, ambao kauli ya kamati iliwafurahisha mno. Tarehe 15 Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba utamu wa namna hii usitumiwe kwa kupunguza unene, maana kwa muda mrefu hauonekani kuwasaidia watu katika jambo hilo. Ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kupatwa na kisukari. Uliwahusu wengine wote, akiwamo mfanyakazi anayetoa fedha za jasho lake kununua soda hizo kila siku, akitumaini kwamba mwili utapungua.