Huruma Peke Yake Haifugi Mbwa

Kwa maoni yangu, mbwa aliyeokotwa njiani, hasa yule mwenye nguvu asiyetulia, hafai kupewa kila mwenye huruma. Huku Kisii na Nyamira mashamba ni madogo, nyumba zimekaribiana, na watoto hupita kati ya migomba na michai tangu alfajiri. Mbwa wa namna hiyo akifungwa kamba mchana kutwa, bila mbio wala mafunzo, hugeuka mkali. Akiachwa azurure, huenda akauma. Na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Sisi tuliotoka pwani twajua unajisi wa mate yake, na kuosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Sura ya al-Maida yawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Hekima naiona hapo: mbwa awe na kazi, na mwenyewe awe mjuzi. Asiyejua kumfunza na ampe maji, ampeleke achanjwe, kisha amtafutie mfugaji mzoefu. Thawabu yake haitapungua.