Maji ya Jinja yakifika Obongi: taarifa ipo, je, ardhi ya kuhamia ipo?

Ukisoma haya ukiwa Awindiri, pengine unajiuliza mafuriko ya mto Nile yanakuhusu nini. Mji wa Arua uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Nile inapita chini kabisa bondeni, kwenye kama mita 620. Maji hayo hayatapanda mpaka mlangoni kwako. Lakini kumbuka mwishoni mwa 2024, barabara ya Olwiyo hadi Pakwach ilipofunikwa na maji na magari yakazuiwa kupita. Daraja la Karuma nalo lilikuwa kwenye ukarabati miezi hiyo hiyo. Wasafiri wakaelekezwa kuzunguka kupitia Adjumani na kivuko cha Laropi. Aliyekuwa akisubiri mzigo kutoka Kampala alijua wiki hiyo kwamba bonde la Nile ni la West Nile nzima, si la wavuvi peke yao.

Walio bondeni hawana nafasi ya kutazama kwa mbali. Katika wilaya za Pakwach, Madi-Okollo, Obongi, Adjumani na Moyo, wenyeji na wakimbizi wanalima, wanavua na wengine wanaishi kando ya mto ambao katika miaka michache iliyopita umetoka kwenye kingo zake zaidi ya mara moja. Makala hii inataka kukuonyesha jambo moja. Mafuriko ya Nile hayaji kwa ghafla. Mto hutoa taarifa wiki nyingi kabla. Kinachokosekana ni mtu wa kuileta taarifa hiyo mpaka kijijini kwa lugha inayoeleweka na, kigumu zaidi, kipande cha ardhi ya juu cha kuhamia.

Maji yanatoka wapi

Maji mengi yanayopita Rhino Camp yametoka Ziwa Victoria. Yanatoka ziwani pale Jinja, yanaingia Ziwa Kyoga, yanashuka Karuma na maporomoko ya Murchison, yanagusa ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert, kisha yanapita Pakwach, Rhino Camp, Obongi na Laropi kabla ya kuvuka mpaka Nimule. Ziwa Albert lenyewe hupokea pia mto Semliki, unaopita kwenye mpaka wa Kongo. Njia nzima ina maziwa na vinamasi, na hivyo hufanya kazi kama sifongo: hunywa maji mengi, kisha huyaachia polepole. Kwa hiyo mvua kubwa iliyonyesha Kisumu, Mwanza au Bukoba haifiki Obongi kesho yake. Huchukua wiki, na mara nyingi miezi.

Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, na mvua za Oktoba hadi Desemba zikamwagika kwa wingi Afrika Mashariki. Masika iliyofuata nayo ilikuwa nzito. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kidogo tu rekodi ya mita 13.41 ya Mei 1964. Pale Jinja yakawa yanaachiwa zaidi ya mita za ujazo 2,000 za maji kila sekunde. Huku kwetu mashamba yalizama, nyumba za udongo zikaanguka na baadhi ya vivuko vikasimama kwa sababu gati zilikuwa chini ya maji. Mei 2024 ziwa lilipanda tena, likaipita hata rekodi ya 2020. Rekodi ya kwanza ilidumu miaka 56. Iliyofuata ilidumu minne.

Je, ni mabadiliko ya tabianchi? Kwa sehemu. Utafiti uliochapishwa 2024 ulikadiria kwamba kuongezeka kwa joto duniani kulifanya kupanda kwa ziwa kama kule kwa 2020 kuwe na uwezekano karibu mara mbili. Utafiti huo huo ulisema mchango wa joto hilo katika kimo cha maji ulikuwa sentimita chache tu, wakati ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 1. Maana yake kwako ni rahisi: mvua za namna hii zilikuwepo zamani, na sasa tutazamie kuziona mara nyingi zaidi. Anayejenga kwa kumbukumbu ya miaka ya 1990, mto ulipokuwa mbali, anajenga kwa kipimo kilichopitwa na wakati.

Hapa kuna maneno ya mitaani yanayohitaji kujibiwa. Kila mto unapojaa, husemwa kwamba wakubwa wa Jinja wamefungua bwawa ili kutuzamisha. Bwawa hilo, lililoanza kazi 1954, kweli lina milango, na kweli milango hiyo hufunguliwa. Lakini kanuni ya tangu enzi za ujenzi wake ni kwamba Jinja iachie kiasi kile ambacho mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Ziwa likijaa, maji lazima yatoke. Badala ya kubishana nani kafungua, swali lenye faida ni hili: siku wanapoongeza maji, nani anapiga simu Obongi?

Tazama Bangladesh

Kuna nchi ambayo karibu yote ni bonde. Bangladesh imelala kwenye delta ya mito mitatu mikubwa, Ganges, Brahmaputra na Meghna, na sehemu kubwa yake iko mita chache tu juu ya bahari. Novemba 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Aprili 1991 kingine kiliua karibu 140,000. Mwaka 2007 kimbunga Sidr, nacho kikali sana, kiliua zaidi kidogo ya 3,000. Idadi hiyo bado ni msiba, lakini linganisha na 1970. Bahari haikuwa imekuwa mpole, na nchi haikuwa imeinuka.

Kilichobadilika kilianza mapema miaka ya 1970, pale serikali na Hilali Nyekundu walipoanza kuandikisha watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji. Leo ni zaidi ya 70,000, na karibu nusu ni wanawake. Kazi yao haihitaji shahada. Onyo likitoka wanapandisha bendera, moja, mbili au tatu kulingana na ukubwa wa hatari, wanapita na vipaza sauti, wanagonga nyumba ya mzee asiyeweza kutembea, wanaonyesha njia ya kwenda kwenye jengo la kujikinga. Majengo hayo yalijengwa mengi, na hilo ni nusu ya mafanikio. Onyo bila mahali pa kwenda ni kelele tu.

Mfano unaotugusa sisi zaidi ni wa Mei 2023. Kimbunga Mocha kilipiga mpakani mwa Bangladesh na Myanmar. Upande wa Bangladesh, karibu na Cox's Bazar, wanaishi karibu wakimbizi milioni 1 wa Kirohingya katika vibanda vya mianzi na maturubali. Vibanda vingi viliharibika, lakini hakuna kifo kilichoripotiwa kambini. Wakimbizi wenyewe walikuwa wamefundishwa kazi ile ya bendera na vipaza sauti, wakiwaonya wenzao kwa Kirohingya. Upande wa Myanmar, ambako Warohingya wengine wanaishi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani karibu na Sittwe, serikali ya kijeshi yenyewe ilitaja vifo zaidi ya 140, wengi wao Warohingya. Kimbunga kilikuwa kimoja na watu walikuwa wale wale, ingawa ni kweli upande wa Sittwe ulipigwa zaidi. Sisemi Cox's Bazar ni mahali salama; Juni 2024 maporomoko ya udongo yaliua watu kambini humo humo. Nasema kwamba mkimbizi aliyepewa kipaza sauti aliokoa watu.

Sisi tuna nafuu ambayo Bangladesh haina. Kimbunga hutoa siku chache. Nile hutupa wiki.

Nani analeta habari

Wizara ya Maji na Mazingira hutangaza kimo cha Ziwa Victoria. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu, na utabiri huo hutafsiriwa kwa lugha kadhaa za Uganda. Kila wilaya inatakiwa kuwa na kamati ya maafa. Kwa karatasi, mnyororo upo. Hukatika sehemu ya mwisho. Mwenye redio na Kilugbara anaweza kupata habari. Mama aliyefika kutoka Yei anayesikia Kiarabu cha Juba, au Mkongo aliyepitia Bunia na anayesikia Kiswahili na Kilingala, anaisikia vipi? Mara nyingi anaisikia kwa jirani, ikiwa imeshageuzwa mara tatu njiani.

Kinachochosha ni kwamba wizara ya maafa na ya wakimbizi ni moja, ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hata hivyo, maji yakija, aliyezama kijijini hupitia LC1 na wilaya, na aliyezama makazini hupitia RWC na kamanda wa makazi. Orodha mbili kwa maji yale yale. Mashirika tunayofanya nayo kazi nayo hufuata njia hizo hizo mbili, na muda hupotea.

Sasa ardhi, na hapa ndipo pagumu. West Nile si kama Nakivale. Ardhi ya makazi hapa kwa kiasi kikubwa ni ya koo, na wazee wa koo ndio waliokubali itolewe kwa wakimbizi. Kiwanja cha familia, mara nyingi mita 30 kwa 30, hakitoshi kulisha watu saba. Mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka hadi mwaka, na Mei 2025 WFP ikakata msaada kwa wakimbizi milioni 1 nchini Uganda. Mtu aliyepunguziwa mgao anafanya nini? Anakodi shamba. Na shamba la bei nafuu, lenye rutuba na unyevu wakati wa kiangazi, liko chini, karibu na mto. Kanuni za Uganda za 2000 zinalinda kingo za mito, hadi mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Ni kanuni nzuri. Lakini kumwambia mtu asilime bondeni bila kumwonyesha pa kulima ni kumwambia asile.

Mwenyeji naye ana hesabu yake, na ni ya haki. Familia ya Obongi iliyofukuzwa na maji inatafuta ardhi ya juu ile ile ambayo mkimbizi anaitafuta. Mto ukipanda, wote wanapanda kilima kimoja. Ugomvi wa ardhi baada ya mafuriko tusiuite ugomvi wa kabila. Ni watu wengi kwenye mahali pakavu padogo. Makubaliano yakifanywa maji yakiwa yameshafika, kila mtu anazungumza kwa hasira. Yakifanywa kiangazi, wazee wa koo, LC1 na RWC wanaweza kukaa chini ya mti na kuamua kilima kipi kitapokea watu, kwa muda gani, nani atalima nini, na mbuzi watalala wapi.

Usichanganye Nile na mito yetu midogo. Enyau, Ora na vijito vinavyoshuka kutoka mpakani mwa Kongo havitoi wiki. Hutoa saa chache. Wakongo mnaosoma haya mnaijua tofauti hiyo. Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulipita katikati ya mji na kuua watu kadhaa. Kalehe, Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji na matope, na zaidi ya watu 400 walikufa. Kwa mito hiyo, dalili ni mvua kubwa vilimani na maji yanayogeuka rangi. Hapo husubiri simu ya mtu yeyote. Unatoka na watoto, vyombo baadaye.

Na ndugu wa Sudan Kusini mnaofikiria kurudi, maji yanayotupita yakivuka Nimule huenda kuongezea mafuriko ya Jonglei na vinamasi vya Sudd. Bentiu imekuwa ikiishi nyuma ya kingo za udongo tangu 2021. Kabla ya kufunga mizigo, uliza kimo cha maji kwenu kama unavyouliza usalama.

Ziwa Victoria kwa kawaida hufika juu kabisa Mei au Juni, na mvua zetu za West Nile huwa nzito kuanzia Agosti hadi Oktoba. Katikati kuna wiki kadhaa. Kwenye mkutano ujao wa kijiji au wa zoni, muulize mwenyekiti wako mambo matatu: kimo cha ziwa mwezi huu ni kiasi gani, nani ana namba ya simu ya afisa wa maafa wa wilaya, na kilima chetu ni kipi. Kama umekodi shamba bondeni, omba mapatano yaandikwe, yaseme nani anabeba hasara maji yakiingia kabla ya mavuno, na mwenye ardhi na LC1 watie sahihi.