Goti linauma, nyonga ndiyo mgonjwa
Sisi wanafunzi wa lugha tunapenda kubishana juu ya «nyonga» na «kiuno». Ningefurahi ubishi huo ufike hospitalini. Kijana wa miaka 12 anachechemea, anasema goti linauma. Wanapiga picha ya goti, hawaoni kitu. Kumbe kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye nyonga, na maumivu yake husikika gotini! Mtoto akiwa hajafikisha miaka 10, au amepita 16, homoni nazo zipimwe: tezi ya shingoni ikiwa dhaifu, mfupa unabaki laini pale unapokulia. Huku Kivu, ambako kisiwa cha Idjwi kinajulikana tangu zamani kwa rovu, sioni kwa nini muuguzi asiulize: «Na nyonga je?»