Kikohozi cha mtoto, kisamvu na chupa ya vitamini

Miezi ya Juni na Julai upepo wa baridi wa uwanda wa Wamakonde huingia mpaka jikoni, na watoto wengi wa Newala hukohoa. Hapo ndipo wazazi huenda dukani kununua chupa ya vitamini, au vile vidonge vya vitamini C vya kumung'unya. Mimi naona fedha hiyo mara nyingi inapotea bure. Vitamini husaidia sana dhidi ya maradhi ya kifua, lakini si kwa njia hiyo.

Tuanze na vitamini A, maana ushahidi wake upo hapa hapa nchini. Vitamini hii hutunza ngozi laini ya ndani ya koo na njia za hewa, yenye ute na vinyweleo vinavyosukuma vijidudu nje. Ikipungua, ngozi hiyo hukauka na vijidudu hupenya hadi kwenye mapafu. Surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, na watoto wengi wa surua huuawa na nimonia inayofuata. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa mafungu mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Kati ya watoto 88 waliopewa vitamini A siku mbili mfululizo walikufa 6. Kati ya 92 waliotibiwa bila vitamini hiyo walikufa 12. Kwa watoto wasiotimiza miaka 2, upande wa kwanza alikufa mmoja, wa pili walikufa 7.

Lakini si kila nimonia ni ya surua. Dar es Salaam, watoto 687 waliolazwa kwa nimonia nao walifanyiwa utafiti, uliochapishwa mwaka 1998. Waliopewa vitamini A hawakupona nimonia yao haraka kuliko wenzao. Dawa ya nimonia ya vijidudu ni amoksilini kutoka zahanati, na kila siku inayopita mtoto akinyweshwa vitamini tu nyumbani ni siku ya hatari. Watoto hao hao walipofuatiliwa baadaye, vifo vya kila namna vilikuwa vichache, karibu nusu, kwa waliopata vitamini A. Yaani faida yake hujengwa mapema na hudumu, kwa sababu ini huiweka akiba kwa miezi. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone kila miezi sita, Juni na Desemba. Mpeleke, na usimwongezee mengine ya dukani. Vitamini A ikizidi ni sumu.

Siku zilizobaki za mwaka ni kazi ya chungu. Mtoto mchanga aanze na maziwa yale ya kwanza ya manjano, yasikamuliwe na kumwagwa. Mkubwa ale kisamvu, majani ya maboga na ya kunde, papai, maembe. Mboga za majani zikipikwa bila mafuta, vitamini A yake mwili huipata kidogo tu. Nasi tunaolima korosho tunauza gunia lote mpaka punje ya mwisho, kisamvu tunakichemsha kwa maji na chumvi! Kiganja kimoja cha korosho au karanga zilizotwangwa kinatosha chungu kizima. Mboga za kukausha kwa ajili ya kiangazi zianikwe kivulini, kwa maana jua kali huharibu vitamini hiyo.

Vitamini C ni habari nyingine. Haizuii mafua kwa watu wa kawaida. Kwa anayeitumia kila siku hupunguza tu muda wa kuugua, tena kidogo. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake itoke, na humo vitamini C nyingi hupotea. Hivyo itafutwe katika matunda mabichi. Kuanzia Oktoba, Masasi na Newala mabibo huoza chini ya mikorosho, au huishia kwenye uraka, ilhali bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Likikaba koo, likatwe vipande na kulowekwa katika maji ya chumvi kidogo.

Mama anayepika ndani na mtoto mgongoni ajue pia kwamba moshi wa kuni huharibu zile njia za hewa tunazozitunza kwa chakula. Chanjo ya surua na ile ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwanzoni mwa 2013, hazina badala katika chungu wala katika chupa.

Mtoto anayekohoa hesabu pumzi zake. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi: huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usisubiri asubuhi. Mwenye njia ya Ndanda, Mkomaindo au hospitali ya Newala aondoke usiku huo. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi.